Unakaa wapi, na kwenu wapi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili baba yako akiwa kando yangu na kikombe chake cha kahawa, akicheka kila ukitaja Texas. Umeuliza hivi: mume wako yuko Mombasa, wewe una mwaka wa tatu Doha, na uraia wa Marekani unao. Je, unaweza kumwombea viza ya kuhamia Marekani ukiwa hapo hapo Doha, au lazima uache kazi ukakae Texas kwanza? Na kama ni lazima, miezi mingapi?

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tungekatizana, na kwa sababu jambo hili mimi mwenyewe nililikosea.

Ombi la kwanza, ile fomu I-130, litume popote ulipo. Kulala kwako Doha hakulizuii. Raia hufungua akaunti kwenye tovuti ya idara ya uhamiaji, akapakia cheti cha ndoa na nakala ya pasipoti, akalipa. Tangu Aprili 2024 ada ya kutuma kwa intaneti ni dola 625. Kwa karatasi ni 675, na sioni kwa nini uzitupe hizo hamsini.

Mambo yanageuka mbele, ukifika fomu I-864. Hiyo ni kiapo kwamba utamkimu mumeo asije akawa mzigo kwa serikali. Ilianza Desemba 1997, kwa sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia, na inataka mwenye kula kiapo awe na kitu wanachokiita domisaili ndani ya Marekani. Neno hilo lilinitoa jasho mpaka nilipolirudisha kwenye lugha yetu. Ukikutana na mtu wa Lamu hapa Mombasa, huwa unamuuliza maswali mawili: unakaa wapi, na kwenu wapi? Wewe Doha unakaa. Wao wanauliza lile la pili. Ila kwa hesabu yao, kwenu hakuhusiani na kaburi la babu. Ni pale ulipoyaweka maisha yako na unaponuia kurudi kuishi.

Sasa sikiliza kosa langu, maana naona na wewe unalielekea. Umesema mjomba wako wa Houston atakuwa mdhamini mwenza, ale kiapo kile pamoja nawe, kwa hiyo hapo hakuna wasiwasi. Mimi pia nilisema hivyo. Mwaka 2004 nilikuwa muuguzi Muscat, na uraia wa Marekani ninao kama wewe, nimemwombea baba yako aliye hapa Mombasa, na mjomba wako alijaza karatasi zake vizuri, mshahara unatosha na kupita. Baba yako akaitwa mahojiano Nairobi. Akapanda basi la usiku, kanzu mpya kwenye mfuko wa nailoni isikunjike, faili mapajani. Dirishani ofisa akapekua karatasi za mjomba wako moja moja, akaziweka kando, akauliza, “Mke wako anaishi wapi?”

Baba yako hajui kupinda neno. “Muscat.”

“Atarudi lini Marekani?”

“Inshallah karibuni.”

Kwenye ile fomu hakuna sanduku la inshallah. Alirudishiwa pasipoti yake pamoja na karatasi yenye orodha, mstari mmoja umetiwa alama kwa kalamu: ushahidi wa domisaili ya mwombaji. Mwombaji ni mimi. Mdhamini mwenza huziba pengo la kipato tu. Pengo la maskani halizibwi na mtu mwingine, hata awe na mali kiasi gani. Maelezo ya fomu yalikuwa yamesema hivyo, mimi ndiye niliyeyaruka.

Basi Julai ile nikakuchukua tukaenda Houston. Tulipanga chumba na sebule, ndani godoro moja na feni. Nikahuisha leseni ya kuendesha gari, nikafungua tena akaunti ya benki, nikapata barua ya kazi, na wewe nikakuandikisha shule ya chekechea. Barua ya mwalimu mkuu yenye jina lako ilikuwa juu kabisa ya bahasha niliyomtumia baba yako. Ulikuwa na miaka mitano, nawe ulikuwa ushahidi. Viza ilitoka nikiwa na wiki saba tu Texas.

Hapo ndipo penye jibu la “miezi mingapi”. Sheria haikuweka idadi ya siku. Inataka uonyeshe kwamba domisaili hukuipoteza, au kwamba utakuwa umeirudisha kabla mumeo hajaingia, au siku ile ile anayoingia. Mnaweza kupanda ndege moja. Asichoweza ni kukutangulia akatafute nyumba, halafu wewe umfuate mkataba wa Doha ukiisha.

Kuna raia wanaohesabiwa bado wako nyumbani ingawa wanaishi nje, kama wanaotumwa na serikali ya Marekani na baadhi ya kampuni za huko. Mwajiri wako ni wa Qatar, kwa hiyo mlango huo si wako. Lakini huendi mikono mitupu. Hebu tafuta: leseni yako ya Texas, je, imeisha? Ulipiga kura ukiwa nje? Zile taarifa za benki bado zinafika kwa mjomba? Vyombo vyako vilivyo garejini mwake, ana orodha? Kila kimoja peke yake ni kidogo, vikiwa pamoja vinaonyesha mtu aliyetoka kwake kwa muda. Ukikaribia mahojiano, ongeza barua ya kazi au mkataba wa nyumba wenye tarehe, hata nyumba iwe ndogo.

Usiache kazi leo. Ombi likitoka mikononi mwako huchukua mwaka na zaidi kabla ya siku ya mahojiano, na miezi hiyo ni afadhali uwe unaweka akiba.

Ushuru sasa, na hapa nitakuwa mkali. Najua Qatar haikati mshahara wako. Marekani inakutaka uandikishe hesabu za kila mwaka popote ulipo, hata kama mwisho wake hudaiwi senti. I-864 inaomba hesabu za mwaka wa karibuni. Kama kuna miaka uliyoruka, anza nayo wiki hii, kabla ya hiyo I-130.

Kipato kinachotakiwa ni asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Kwa watu wawili, mwaka 2025, ilikuwa dola 26,437. Mshahara wako wa Doha unazidi, lakini hauhesabiwi ikiwa utakatika siku unayoondoka. Hapo ndipo mjomba wako anafaa. Akiba nayo inakubalika: kwa mume au mke wa raia, iwe mara tatu ya kile kinachopungua.

Na binamu yako wa Toronto anayekwambia raia aliye nje anaweza kudhamini ilimradi aonyeshe atarudi, hasemi uongo. Anasema sheria ya Kanada. Mwachie mambo yake.

Jambo moja nalisema taratibu, na usidhani namtilia shaka mkwe wangu. Kiapo kile hakikatwi na talaka. Kadhi akiandika mmeachana, eda ikaisha, ukaolewa kwingine, bado wewe ni mdhamini wake, mpaka awe raia, au atimize robo arobaini za kazi, ambayo ni miaka kumi hivi, au aondoke huko moja kwa moja, au mauti. Lijue kabla ya kutia sahihi.

Mahojiano yatakuwa Nairobi kwa kuwa yeye anaishi hapa. Wazo lako la kumleta Doha wakati mnangoja lina utamu wake, ila akishakaa huko mwaka mzima atahitaji na cheti cha polisi cha Qatar, juu ya kile cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi ya hapa Kenya. Na ikiwa ataingia Marekani ndoa yenu haijafika miaka miwili, kadi yake itakuwa ya miaka miwili yenye masharti; ikiwa imepita, atapewa ya kumi. Mmeoana mwaka jana, kwa hiyo huenda kungoja kwenyewe kukawasaidia.

Mwambie aje Jumapili baada ya alasiri, na cheti chake cha kuzaliwa pamoja na cha ndoa. Jina la babake nililiona siku ya nikahi limeandikwa Mohamed, na kwenye pasipoti ni Muhammad. Nataka tulinyooshe hilo hapa hapa, baba yako asije akaanza kusimulia mambo ya dirishani upya.

Mama yako