Wa Kwanza Leo, Siti ya Dirishani: Kwa Mtunzi Anayeanza Hadithi ya Mfululizo

Ukibandika sehemu ya kwanza ya hadithi yako mtandaoni saa tatu kamili usiku, saa tatu na dakika mbili utapata maoni: "Wa kwanza leo! Nimewahi siti ya dirishani." Sehemu yenyewe ina maneno elfu moja na mia tatu. Huyo hajasoma. Amewahi siti tu, kama abiria anayerusha begi dirishani kabla daladala haijasimama. Chini yake watajipanga wengine: "Nipo", "Leta vitu mtunzi", "Upewe maua yako", "Arosto itatuua huku". Utayasoma yote mara tatu tatu, utapiga skrinshoti umtumie dada yako, na usingizi utachelewa kwa furaha. Furahi tu, ni haki yako. Ila kesho asubuhi yapitie tena, utafute lililokwambia kitu kuhusu hadithi ambacho ulikuwa hukijui. Siku nyingi hutalipata hata moja.

Sisemi kelele hizo hazina kazi. Bibi yangu alikuwa akisema "Paukwa!", na tusipoitika "Pakawa!" kwa nguvu ananyamaza, anajifunga kanga upya, anasema kumbe mmelala. Anayekuandikia "nipo" anakuitikia pakawa. Anakujulisha yuko macho, na mtunzi anahitaji kujua hilo, hasa yule anayeandika kwa kidole gumba gizani baada ya kazi za mchana. Lakini bibi hakuwahi kumgeuza sungura kuwa fisi eti kwa sababu tumeitika kwa sauti.

Mimi nilimgeuza.

Ilikuwa hadithi yangu ya pili, ya msichana konda wa njia ya Mbagala ambaye baba yake alikutwa amekufa dukani. Muuaji alikuwa baba yake mdogo. Nilijua hivyo kabla sijaandika mstari wa kwanza, nikawa namwachia msomaji alama njiani: sehemu ya 3 baba mdogo anafungua kufuli la duka bila kuuliza ufunguo unawekwa wapi, sehemu ya 6 anataja kiasi cha pesa ambacho polisi hawajakitaja kwa mtu yeyote. Sehemu ya 11 msomaji mmoja akaandika: "Ni baba mdogo. Rudini sehemu ya 3, kufuli." Watu wakamiminika chini yake, "kumbe!", "huyu ni mpelelezi", laiki zake zikazidi za hadithi. Nikajiona nimevuliwa nguo sokoni. Usiku ule ule nikaamua muuaji awe mwenye nyumba, mtu ambaye mpaka hapo alikuwa ametokea mara mbili, zote akidai kodi.

Sehemu ya 14 nilipomfichua mwenye nyumba, simu ilitetemeka mpaka ikaisha chaji. "Duh!" "Sikutegemea!" Nikajiona fundi. Kisha akaja yule yule wa kufuli, kwa upole kabisa, akauliza: "Mtunzi, sasa lile kufuli lilikuwa la nini?" Sikuwa na jibu. Nikaandika sehemu nzima kuelezea kufuli, nikaandika nyingine kuelezea pesa, na kila kiraka kilidai kiraka kingine. Hadithi iliishia sehemu ya 19. Nasema iliishia kwa adabu tu, niliitelekeza.

Ilinichukua muda kuelewa nilichokuwa nimeambiwa siku ile. Aliyebashiri hakuniharibia chochote. Alikuwa amesoma kwa makini kuliko wote, na alikuwa ananiletea habari njema: alama ulizoacha zinaonekana. Nusu ya watu walikuwa wanambishia. Ubishi ule ungenibeba sehemu nane mbele bila mimi kuongeza neno, na siku baba mdogo anakamatwa wangepiga kelele "tulisema!" Sijaona msomaji mwenye raha kama anayesema tulisema.

Hadithi ya mfululizo ina mtego ambao kitabu hakina. Kitabu kikitoka, maoni yanakuja ukiwa umeshamaliza. Utaumia, lakini hutabadilisha. Huku maoni yanakukuta kalamu iko mkononi na muuaji hajakamatwa. Kwa hiyo tangu kufuli lile sibandiki sehemu kama sina nne zilizokamilika kibindoni. Maoni ya sehemu ya 11 yanapofika mimi niko kwenye ya 15, na nikitaka kumbadilisha mtu ni lazima nifute kazi ya wiki mbili. Ukilazimika kufuta kazi ya wiki mbili utafikiri mara mbili. Watakuambia unawabania. Wabanie.

Yako maoni, hata hivyo, ambayo hayahitaji kungoja, na hayo ni ya mtu anayekuambia kitu anachokijua kuliko wewe. Nilimpandisha binti basi la Mbeya pale Ubungo, hadithi ikitokea mwaka 2022. Maoni ya kwanza kabisa: "Mtunzi, mabasi ya mikoani yalihamia Mbezi tangu 2021. Huyu dada amepanda basi la majini?" Kundi zima lilicheka, nami nikacheka huku nikirekebisha. Katika hadithi nyingine nilimwachisha mtu na mkewe kwa hakimu siku ya kwanza waliyofika mahakamani. Msomaji akaniandikia inboksi kwamba kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 mambo hayaendi hivyo: shauri la talaka kwanza lipite Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Nilikasirika kidogo, maana nilikuwa nataka talaka yangu haraka. Baadaye nikaona amenipa zawadi. Kikao cha baraza, wazee wamekaa, mume anasema mbele ya watu jambo ambalo hajawahi kulisema nyumbani, ndiyo sehemu iliyosambazwa kuliko zote nilizowahi kuandika.

Kosa lililoniaibisha ni la eda, ule muda mjane anaokaa kabla ya kuolewa tena. Mjane wa Kiislamu, mume kazikwa, na mimi nikamwozesha baada ya miezi miwili. Miezi minne na siku kumi, mtu yeyote aliyekulia pwani anajua, nami nimekulia Tanga! Nilikuwa nakimbilia harusi. Wasomaji wa Pemba hawakunitukana, waliniuliza tu kama huyo mama hana ndugu wa kumkanya. Niliwaomba radhi, nikaandika upya sehemu mbili, na eda ikawa ndiyo inayomzuia mama yule asikutane na mtu anayemtafuta. Kanuni ya kweli ya maisha ya watu ikiingia kwenye hadithi hukupa kizuizi ambacho hungekibuni.

Usisahau pia kwamba unasomwa nje ya mtaa wako. Niliandika kuhusu "muuza unga" anayesakwa na polisi Kinondoni. Msomaji wa Nakuru alifuata sehemu tatu nzima akimhurumia mfanyabiashara wa unga wa ugali, mpaka akashindwa kuvumilia akauliza kosa lake ni nini, amepandisha bei? Kwetu muuza unga kila mtu anamjua anauza nini: dawa za kulevya. Sikulitoa neno, kwa sababu mhusika wangu angeongea hivyo hivyo. Niliongeza mstari mmoja tu, mtoto anamuuliza mama yake unga gani, mama anampiga kofi la mdomo. Wa Nakuru akaelewa, na wa Kinondoni wakapata kofi la bure.

Sasa wale wasiosema kitu, ambao ndio wengi. Enzi kundi la WhatsApp lilikuwa linajaa kwa watu 256, mimi nilikuwa nasikia sauti za watu wasiozidi kumi, na kwa muda mrefu niliandika kwa ajili ya hao kumi. Usizitegemee tiki za bluu. Mtu akifungua kundi kutafuta tangazo la mchango wa harusi, hadithi yako nayo inahesabika imesomwa. Nilichofanya ni hiki. Sehemu tano za kwanza nilibandika kundini kama kawaida. Kuanzia ya 6 nikasema, anayeitaka aniandikie inboksi namba ya sehemu, nami nitamtumia. Ni kazi ya mkono na inachosha, bando nalo linakwenda, lakini namba zenyewe zikawa maoni. Walioomba ya 6 walikuwa wengi. Walioomba ya 7 walikuwa karibu wale wale. Walioomba ya 8 walipungua kwa zaidi ya nusu. Nikarudi kusoma sehemu ya 7: yote ilikuwa historia ya babu wa mhusika, alivyotoka Songea, alivyonunua shamba, alivyogombana na kaka yake. Niliipenda sana sehemu ile, na hakuna mtu aliyeniandikia kwamba inachosha. Waliondoka tu kimyakimya, kama wageni wanaoaga kwa mkono wakati mwenye nyumba bado anahutubia. Ukiwa na nguvu ya kufanya hivyo hata kwa sehemu tatu tu, fanya.

Ukianza kuuza, sauti zitabadilika. Aliyekuwa anasema "mtunzi wetu" atasema "nimelipa buku langu, iko wapi ya 21?" Ana haki kuhusu muda, maana uliahidi Jumanne na Alhamisi. Kuhusu nani afe na nani aolewe, buku haimpi haki. Vitu hivi viwili usivichanganye, wala usimkasirikie mtu kwa kimoja ukamjibu kwa kingine.

Matusi futa, mtoe, endelea. Sina zaidi la kusema hapo, isipokuwa hili: usimjibu mtu ndani ya hadithi. Niliwahi kumpa mhusika mjinga jina la aliyenitukana. Hakuna aliyecheka ila mimi, na mhusika mwenyewe akabaki ananing'inia pale hana kazi mpaka mwisho.

Namna ya kuuliza nayo ina hesabu yake. Ukiuliza "mmeionaje?" utajibiwa "nzuri sana", kama unavyojibu wewe ukiulizwa chakula kikoje ugenini. Uliza kitu chenye jibu. Ni wapi ulilazimika kurudi juu kusoma tena? Unadhani mama anajua kuhusu barua, au hajui? Nani humwamini hapa? Swali la mwisho ndilo ninalolipenda, kwa sababu watu hutaja mtu ambaye sikukusudia asiaminike, na hapo najua kuna sentensi yangu imeponyoka. Swali la barua nalo liliniokoa wakati fulani: nusu walisema mama anajua, nusu hajui, na mimi nilikuwa nimekusudia ajue waziwazi. Kama ningengoja malalamiko, nisingeyapata. Msomaji asipoelewa hudhani ubovu ni wake, anakaa kimya.

Na watu wakikuambia mke fulani wa hadithini mwako "anaudhi", usikimbilie kumfanya mpole. Waulize anaudhi vipi. Kuna anayeudhi kwa sababu mna dada kama yeye nyumbani, huyo mwache kama alivyo, anafanya kazi. Kuna anayeudhi kwa sababu kila sehemu anarudia kosa lile lile na mtunzi haoni, na hapo anayeudhi ni wewe.

Kama wewe ni msomaji tu na umefika mpaka hapa, ukitaka kumsaidia mtunzi andika namba ya sehemu na kitu ulichokiona. "Sehemu ya 9, pale hospitali, sikuelewa nani amebaki na mtoto." Mstari huo mmoja utamfaa kuliko maua mia. Kosa la jina au tarehe mpelekee inboksi kwanza, siyo mbele ya kundi. Na usimwambie amalizie vipi, hata kama mwisho wako ni mzuri. Ukiwa mzuri kweli, uandike wewe hadithi yako nasi tutawahi siti.

Nimeshawahi kuulizwa maoni gani niliyoyathamini kuliko yote. Yalikuja kwa sauti, dakika moja na nusu, kutoka Pangani. Mjukuu alikuwa anamsomea bibi yake hadithi yangu kila jioni, na siku ile bibi akaomba simu aongee na mtunzi mwenyewe. Alianza kwa salamu ndefu, akauliza nyumbani, akauliza watoto. Kisha akasema: "Mwanangu, hadithi yako naisikiliza. Lakini yule mama mkwe, tangu alipofika kutoka shamba hajala. Anagombana, analia, anasafiri usiku, na mimi nahesabu siku. Hajala."

Nilirudi kuanzia sehemu ya 4. Siku tano za ndani ya hadithi, hata chai. Wala hakuna mtu mwingine aliyekuwa amekula, kwa kweli; watu wangu wote walikuwa wanakimbizana na siri kama vile hawana matumbo. Sehemu ya 22 nilikuwa nimeshaiandika, iko kibindoni. Niliifungua, nikaanza upya mstari wa kwanza: mama mkwe ameketi kwenye kigoda uani, anamenya muhogo, na hasemi na mtu.