Ukifiwa na mwanamuziki usiyewahi kuonana naye

Ijumaa ya tarehe 20 Aprili 2018 nilikuwa Maskati kwa mama mdogo. Tumeshakula biriani ya Ijumaa, watu wamejinyoosha, na mimi nimekaa sebuleni nasubiri jua lishuke nitoke kidogo. Simu ikaanza kulia mfululizo. Ujumbe wa kwanza ulitoka Unguja, kwa sahibu yangu wa tangu skuli: "Avicii kafariki. Kafia hukohuko uliko."

Nikadhani ni uzushi, maana mitandaoni wasanii huuliwa kila wiki. Kisha ikasambaa taarifa ya msemaji wake. Tim Bergling, DJ na mtengenezaji wa muziki wa kielektroniki wa kuchezea, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Avicii, amekutwa amefariki mchana wa siku ile mjini Maskati, Oman. Alikuwa na miaka 28. Familia imeomba iachiwe faragha yake.

Machozi yalinitoka kabla sijamaliza kusoma, na mama mdogo akaniona.

"Nani kafa?"

"Msanii mmoja, mama. Mzungu, wa Uswidi."

"Mkijuana?"

"Hapana."

Nilitarajia anikate maneno. Mtu mzima anamlilia mpiga muziki ambaye hata salamu hawajawahi kupeana! Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kafia wapi. Nikamwambia hapahapa Maskati. Akaweka chini kikombe chake.

"Masikini mtoto wa watu. Kafia ugenini. Mama yake kashapata khabari?"

Nimelifikiria swali lile kwa miaka sasa. Mimi nilikuwa najililia mwenyewe, miaka yangu ya skuli, nyimbo zangu. Yeye, ambaye hajasikia hata wimbo mmoja wa yule kijana, akaenda moja kwa moja kwa mama yake. Naandika haya kwa sababu kila anapofariki msanii wa namna hiyo, wadogo zangu hunitumia ujumbe wa pembeni, kwa aibu, wakiniuliza kama ni kawaida kuumia hivi kwa mtu usiyemjua. Ni kawaida. Na yako mambo ambayo natamani na mimi ningeambiwa mapema.

Kwanza, huo ni msiba. Usikubali mtu akuambie "kwani alikuwa ndugu yako?" ukaona haya. Mimi nilikuwa na miaka 16 wimbo wake wa "Levels" ulipotoka, Oktoba 2011. Intaneti ya nyumbani hatukuwa nayo. Ulikuwa unakwenda Darajani kwa kijana mwenye kompyuta, unampa memori kadi, anakuingizia nyimbo. Ile ya "Levels" niliingiziwa ikiwa imeandikwa jina la mtu mwingine kabisa, na nilikaa nayo miezi nikidhani ni ya huyo mtu. Kinanda kile kikianza, daladala ya 502 ikawa inakata kona ya Bububu, hakuna aliyeweza kuniambia maisha ni magumu. Katikati biti inatulia, inaingia sauti ya mama mmoja wa zamani. Baadaye sana ndipo nikajua ni Etta James, na kwamba sauti ile ilitoka kwenye wimbo wake wa 1962. Kwa hiyo kijana wa Stockholm aliyekuwa akitunga kwenye programu ya FL Studio chumbani kwake alinifikisha mimi, mtoto wa Unguja, kwa mwimbaji wa Kimarekani aliyerekodi hata mama yangu hajazaliwa. Mtu akikufungulia mlango kama huo, ukimlilia hujafanya ajabu yoyote.

Pili, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote: mtafute mliyekuwa mkisikiliza naye.

Yule sahibu yangu na mimi tulikuwa na spika za masikioni pea moja, na ya upande wa kushoto ilikuwa imekufa. Sikio moja kwa watu wawili. Mwaka 2013 ulipotoka wimbo wake wa "Wake Me Up", tulikubaliana kugawana. Wimbo ule unaanza na gitaa na sauti ya mwimbaji Aloe Blacc, kisha kinanda kinaingia na ngoma zake. Mimi nilipenda maneno, kwa hiyo mwanzo ulikuwa wangu. Gitaa likimalizika namvulia, anaweka sikioni mwake, anafumba macho, kinanda ni chake. Beti ikirudi ananirudishia. Tulifanya hivyo likizo nzima, kwenye ukuta wa Forodhani, mikono ikinuka ukwaju wa urojo. Nilipokuja kununua spika zangu mwenyewe ndipo nilipousikia wimbo mzima, na nikahisi kama nimemwibia mwenzangu.

Usiku ule wa msiba nilishika simu saa nzima nikisoma maandishi ya watu nisiowajua. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuwa mpweke. Mwisho nikampigia. Hatukuwa na maneno. Akaanza kukiimba kile kinanda kwa mdomo, taratibu, nusu yake ile. Mimi nikamfuata na maneno, nusu yangu. Nikalala.

Basi usianze na wageni. Yuko mtu, au wako watatu, ambao bila wao wimbo ule usingekuwa wimbo ule. Hata kama mmepoteana, hata kama mligombana. Mpigie. Sentensi moja inatosha: "Nimekukumbuka, umesikia khabari?" Na asipopokea, mwandikie. Msiba wa namna hii hauna matanga wala mkeka wa kukalia, hakuna nyumba ya kwenda kutoa mkono wa pole, kwa hiyo lazima mjitengenezee wenyewe pa kukutana.

Siku zilizofuata kundi letu la zamani la simu lilifufuka. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa Maskati, wakaanza kuniomba: nenda ukapige picha alipofikia, ulizia kilichotokea, tuletee. Nakiri nilishawishika, hata nikavaa viatu. Swali la mama mdogo ndilo lililonirudisha. Mama yake kashapata khabari? Je, mama huyo angependa nisimame pale na simu yangu? Polisi wa Oman walikwishasema hawana shaka ya jinai. Familia ilikwishaomba faragha. Chochote zaidi ya hapo kilikuwa chao, si changu. Nikavua viatu. Kwa hiyo nakuomba: usichimbe namna mtu alivyokufa. Hakikupunguzii uchungu, na ukishakijua hakikutoki kichwani unaposikiliza nyimbo zake.

Ukitaka la kutazama, tazama walivyoomboleza wenzako. Siku ya pili yake, Jumamosi, maelfu ya watu walikusanyika uwanja wa Sergels torg, katikati ya Stockholm. Wakanyamaza dakika moja. Halafu muziki wake ukapigwa, wakacheza. Mwanzoni video ile ilinikwaza; kwetu msibani hakuchezwi. Niliporudia kuitazama niliona wanacheza huku wanalia, na watu wasiojuana wameshikana mabega. Kule Utrecht, Uholanzi, kengele za mnara wa kanisa wa Dom zikapiga nyimbo zake, mji mzima ukasikia. Kila watu na namna yao. Yangu ilikuwa dua kwa ajili ya wazazi wake wapate subira, na hilo halikunigharimu kitu.

Sasa sehemu nisiyopenda kuiandika.

Wiki ileile familia yake ilitoa barua nyingine, na aliyeisoma alielewa kwamba kijana yule alikuwa amelemewa na mawazo na alikuwa akitafuta amani. Dalili zilikuwepo miaka. Mwaka 2012 alilazwa hospitali New York kwa ugonjwa wa kongosho uliotokana na pombe. Mwaka 2014 akafanyiwa upasuaji wa kutolewa kibofu cha nyongo na kidole tumbo. Mwaka 2016, akiwa na miaka 26, akatangaza kuacha kabisa maonyesho, na la mwisho lilifanyika Ibiza Agosti mwaka huo. Filamu ya maisha yake iliyotoka 2017 inamuonesha akisema wazi kwamba amechoka. Na sisi mashabiki tulifanya nini? Mimi, alipotangaza kuacha, niliandika kwa hasira kwamba ametutupa. Hata 2013, alipopanda jukwaa la tamasha la muziki la Ultra kule Miami na wapiga magitaa na banjo, watu waliguna kwamba si muziki wa kuchezea. Miezi michache baadaye "Wake Me Up" ukashika namba moja Uingereza na nchi nyingine nyingi, na waliokuwa wakiguna wakawa wanauimba.

Sisemi sisi ndio tuliomuua. Kifo kama hicho hakina sababu moja, na anayekuambia anaijua usimwamini. Ninachosema ni kwamba msanii akisema amechoka, muamini. Rafiki yako akisema amechoka, muamini zaidi, na umuulize amechoka na nini, ukae usikilize jibu mpaka mwisho.

Na kama khabari ya kifo cha msanii unayempenda imegusa mawazo uliyokuwa nayo tayari, ukaanza kuona kama kakuonesha njia, tafadhali usiibebe peke yako usiku. Mwamshe mtu. Mama, kaka, jirani, imamu, padri, yeyote ambaye atakaa nawe mpaka asubuhi, kisha akusindikize hospitali ukaonane na daktari. Sema kwa maneno ya wazi, usizungukezunguke: "Nina mawazo ya kujidhuru." Najua kwetu neno hilo halisemwi. Lisemwe.

Kuhusu nyimbo zenyewe, usijilazimishe. Mimi sikuweza kusikiliza kitu chake zaidi ya mwaka. Juni 2019 ilitoka albamu ya "TIM", ambayo wenzake waliimalizia kutokana na kazi alizoziacha, na nikaihifadhi bila kuifungua. Niliifungua siku moja ndani ya boti kutoka Dar kurudi Unguja, nikasikiliza nyimbo mbili, nikazima. Nyingine nilizisikiliza mwezi uliofuata. Hakuna anayekukimbiza.

Mwaka huohuo wazazi wake, Klas Bergling na Anki Lidén, walianzisha taasisi kwa jina la mtoto wao inayoshughulikia afya ya akili ya vijana na kuzuia watu kujiua. Mapato ya albamu ile yakaelekezwa huko. Mtoto wao naye alikuwa mtoaji. Mwaka 2012 ziara yake ya House for Hunger ilitoa dola milioni 1 kwa Feeding America, shirika linalolisha wenye njaa Marekani.

Nilimpigia mama mdogo nikamwambia.

"Nani?"

"Yule msanii, mama. Wa Uswidi. Uliniuliza kuhusu mama yake."

Alimkumbuka mara moja. Nikamweleza habari ya taasisi, kwamba wazazi wanasafiri wanazungumza na watu ili watoto wa wengine wasifike pale. Kimya kikawa kirefu mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akaniuliza, sauti imeshuka, kama mtu anayeulizia jirani aliyefiwa juzi:

"Na yeye mwenyewe, mama wa watu, analala usiku?"