Msiikwangue Rangi Ile: Maneno kwa Mafundi Wapya wa Zamu

Jumatatu iliyopita nilimkuta kijana wa zamu ya asubuhi akikwangua kwa ukucha doa jekundu lililo kwenye paneli ya jenereta, akidhani ni uchafu walioacha wapaka rangi. Kabla sijafungua kinywa nikaona kwamba alikuwa amekwisha kuandika katika daftari la zamu, "Jenereta sawa," ilhali injini ilikuwa baridi kabisa na mlango wa chumba chake ulikuwa umefunguliwa kwa ajili ya kutafuta ufagio tu. Nimehudumia umeme wa ubalozi mmoja upande wa Gigiri, Nairobi, kwa miaka mingi, na ninawaona ninyi vijana mkiyarudia makosa yangu kwa mpangilio uleule, kwa hiyo nimeona heri niandike kabla sijaanza kugombana na watoto wa watu.

1. Injini kuwaka si ushahidi kwamba jengo litapata umeme. Zimeni stima ya nje kwenye swichi kuu, iacheni ATS, ile swichi inayohamisha jengo kutoka stima ya nje kwenda jenereta, ihamishe mzigo yenyewe, kisha jenereta ibebe jengo kwa nusu saa, kwa kuwa injini inayozunguka bure kila wiki hukusanya masizi na mafuta yasiyoungua kwenye bomba la moshi. Mwarifuni mkuu wa usalama kwanza. Mwenzangu mmoja alisahau kumwarifu, akafanya jaribio wakati wa karamu ya sikukuu ya taifa lao, na keki ikakatwa kwa mwanga wa simu za wageni.

2. Betri za UPS, kile kifaa kinachoshikilia umeme wa kamera kabla jenereta haijawaka, andikeni tarehe kwa kalamu ya wino mzito siku mnayozifunga. Za madini ya risasi huishi kama miaka 3 hadi 5, na chumba chenye joto hupunguza hata hiyo.

3. Sasa swichi ya paneli ya jenereta. Siku ya Alhamisi, mwezi Agosti 2023, mafundi wa mkandarasi walikuja kubadilisha oili na chujio za dizeli. Nikaitoa swichi ya paneli kwenye mkao wa kujiwasha na kuiweka kwenye mkao wa kuzima, jambo ambalo ni sahihi kabisa, maana jenereta ikijiwasha mkono wa mtu ukiwa karibu na mkanda wa feni, hapana mjadala tena. Wakamaliza saa saba mchana. Nilikuwa na njaa, harufu ya chapati ilikuwa inatoka jikoni kwa askari, nikafunga mlango, nikatia ufunguo mfukoni na kuandika kwa mwandiko wangu mzuri ambao mwalimu wangu wa darasa la sita aliusifu: "Matengenezo yamekamilika. Jenereta sawa."

Usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani tarehe 25, mnamo saa nne kasorobo, stima ilipotea karibu nchi nzima. Nilikuwa nyumbani Kawangware, nimeketi gizani, na nakiri kwamba nilijisikia fahari, nikiiona akilini jenereta yetu ikinguruma. Simu ikalia. Askari mkuu wa zamu akaniuliza, "Fundi, mbona huku kimya?" Nikamwambia asubiri sekunde kumi. Akasema amekwisha kusubiri dakika sita.

Nilijua palepale. Ningeweza kumwelekeza kwa simu aizungushe swichi kwa vidole viwili, lakini ufunguo wa chumba ulikuwa ukining'inia msumarini ukutani kwangu, ndani ya suruali ya kazi. Nikapanda bodaboda, tukakata Westlands na kuingia Limuru Road, huku askari akinipa habari kwa simu kama mtangazaji wa mpira: kamera zimezimika dakika ya kumi na moja, kwa sababu betri zile hazikuwa na tarehe na hakuna aliyejua zimezeeka, kufuli ya sumaku ya geti la waenda kwa miguu imeachia, kama ilivyoundwa kuachia umeme unapokatika ili watu wasinaswe ndani moto ukizuka. Katika jiji ambako ubalozi wa Marekani ulilipuliwa kwa bomu tarehe 7 Agosti 1998 na zaidi ya watu 200 wakafa, msitegemee kuwa mkuu wa usalama ataliona geti lililoachia kuwa jambo dogo.

Nilipofika, yule askari, mtu mzima wa kunizaa, alikuwa amefunga geti kwa mnyororo wa pikipiki na kuliegemea kwa mgongo akiwa juu ya kiti cha plastiki, tochi mapajani. Polisi wa zamu alikuwa amesimama kando yake. Hawakunisalimu. Nilifungua chumba, nikazungusha swichi, na taa zikarudi kabla sijautoa mkono. Kesho yake Nairobi nzima ilikuwa ikicheka jenereta ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliyokataa kuwaka usiku uleule. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikaitwa ofisini, ambako daftari lilikuwa limekwisha kufunguliwa kwenye ukurasa wangu.

Tangu hapo ufunguo wa pili hukaa kwa askari wa geti, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri.

4. Hitilafu ikiwa kwenye transfoma iliyo ndani ya ua, gari la dharura la kampuni ya umeme haliingii hivi hivi, kwa sababu Ibara ya 22 ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 inataka ridhaa ya mkuu wa ubalozi. Itafuteni ridhaa hiyo mapema, mchana, kwa maandishi. Nimewahi kuwaona mafundi wakinywa chai nje ya geti hadi alfajiri.

5. Stima ikirudi, kagueni saa ya mashine ya kurekodi kamera. Picha yenye saa ya uongo ni kesi nyingine.

6. Doa lile jekundu ni rangi ya kucha ya mke wangu, na linaonyesha mahali ncha ya swichi inapopaswa kuelekea mkiwa mnatoka chumbani. Kichupa kimo kwenye droo ya chini, nyuma ya fyuzi. Kijana wa Jumatatu anajua anachotakiwa kufanya.