Mama wa Goma, rudisha hiyo ibuprofeni dukani

Rudisha. Salamu baadaye. Umeandika kijana wako ana mukovisidozi, ule ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mwilini uwe mzito, bandama imekua, moyo unapiga mbio hata akiwa amekaa, na sasa magoti yanamuuma, basi kuna mtu amekushauri ibuprofeni "maana inasaidia na mapafu". Ukauliza pia chakula, vitamini na safari ya Kigali. Mimi nimekwama kwenye hiyo ibuprofeni.

Mshauri wako ana mwenzake hapa Bukavu. Aliyenishauri mimi alikuwa na duka la dawa karibu na soko la Kadutu, koti jeupe, sauti ya mahubiri. Alinionyesha kwenye simu kabisa: Marekani kuna watoto wa mukovisidozi wanaopewa ibuprofeni ya kipimo kikubwa ili mapafu yasichakae haraka. Na si uongo, ndiyo ubaya wake! Ila hakuniuliza swali moja tu: ini la mtoto likoje?

Nikampa mwanangu, naye ana mukovisidozi kama wako. Choo kikawa cheusi, kinanata, kinanuka vibaya. Nikasema ni sombe. Usiku akatapika damu, beseni la kufulia likapata rangi. Msinicheke, mimi ni fundi cherehani: kitambaa cheusi nakijua, choo cheusi nani alinifundisha?

Daktari aliyemshusha kamera kooni ndiye alinieleza. Nyongo ya watoto hawa ni nzito, inaziba vijifereji vya ini, ini linajaa makovu. Damu inayotoka matumbo kwenda kwenye ini inakuta njia imebana, bandama inavimba, na damu inatafuta vichochoro kama wamotari wakikuta barabara ya Essence imefungwa. Vichochoro vyenyewe ni vimishipa vya sehemu ya chini ya umio, ile njia ya chakula kwenda tumboni, vyembamba, havikuumbwa kubeba mzigo ule. Vinatuna mpaka vinapasuka. Huku nyuma mishipa ya mwili mzima inalegea, presha inashuka, moyo unalazimika kusukuma damu nyingi kuliko kawaida. Huenda ndiyo hayo mapigo ya mbio unayoyaona. Wangu alikuwa na viganja vya moto pia, shangazi yake akasema mtoto ana damu yenye nguvu. Yenye nguvu!

Juu ya hali hiyo unaleta ibuprofeni, aspirini au diklofenaki. Zinachubua tumbo, zinadhoofisha plaketi, vile vichembe vinavyogandisha damu, ambazo bandama imeshazikamata nyingi, na figo zinapungukiwa damu.

Wala karatasi ya maabara isikutulize. Vimeng'enya vya ini, vile wanavyopima kwenye damu, vya mwanangu vilikuwa sawa kabisa, kumbe makovu yako palepale. Bandama ndiyo ilikuwa inasema ukweli, lakini huku kwetu kila bandama kubwa ni malaria. Muuguzi mmoja kila akiigusa anaandika dawa ya malaria. Huyo naye Mungu anamwona.

Kwa hiyo hakuna kidonge cha maumivu kinachoingia mdomoni kabla daktari anayelijua ini lake hajasema. Hata parasetamoli, kipimo apange yeye. Omba wahesabu plaketi. Zikiwa chini ya 150,000, dai ekografia (ultrasound) ya ini na bandama, na uulize habari ya kamera. Mpira autazame tu, teke la tumbo kwenye bandama ile ni balaa. Akitapika damu au choo kikiwa cheusi, usingoje kuche.

Chakula waulize wamama humu. Wewe ukipata hesabu ya plaketi, iandike hapa leo leo.