Fizi za mama kwanza, sindano baadaye

Dadangu wa Likoni, umeuliza kama mama, anayetokwa damu kwenye fizi na meno yanacheza, adungwe sindano ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine. Ngojeni kwanza. Nyuzi zinazoshikilia jino zina seli shina zake, zilizoelezwa na watafiti mwaka 2004. Zaweza kujenga mfupa na nyuzi mpya. Uvimbe wa fizi ukikaa sana, kemikali zake huzivuruga: zaweza kuendelea kuzaana, ila mfupa hazijengi ipasavyo. Ukimwaga seli nyingine humo humo kwa sindano, zitakuta uvimbe uleule.

Aanze kwa daktari wa meno, akwanguliwe ukoga ulioganda hadi chini ya fizi. Apimwe na sukari. Tambuu ya tumbaku aiache (najua, kwa wazee wetu wa Mji wa Kale hilo ni zito). Mswaki asiuache kwa kuogopa damu.