Fundi, usiipeleke bahasha yako ofisi ya kodi kama mimi

Alhamisi iliyopita meseji ya benki iliingia nikiwa juu ya ngazi, plaizi mdomoni. Shilingi 118,000. Nikashuka kuisoma vizuri. Haikuwa mshahara wala mkopo. Ilikuwa pesa yangu mwenyewe niliyonunulia tesita, plaizi na seti ya bisibisi kwa ajili ya kazi ya watu, na imerudi nzima kama ilivyotoka. Nina miaka 14 katika ufundi umeme wa viwandani hapa Tanga na hii ndiyo mara ya kwanza kuiona. Kwa hiyo leo naringa kidogo, mniwie radhi.

Ila kabla ya kuringa niliaibika kwanza, na hiyo aibu ndiyo darasa lenyewe.

Mwaka juzi binamu yangu anayetunza wazee huko Leicester, Uingereza, alinitumia ujumbe wa sauti akicheka. Kwao mwajiriwa anayevaa sare yenye nembo ya kazini na kuifua kwa gharama zake, mwajiri asipomlipa, anaweza kuomba nafuu ya kodi. Kiwango cha kawaida ni pauni 60 kwa mwaka, na wauguzi wana chao cha pauni 125. Harudishiwi hizo 60 zenyewe, anarudishiwa kodi yake tu. Kwa anayekatwa asilimia 20 ni pauni 12. Yeye alidai ya miaka minne nyuma, akapata 48. "Kaka, kwa kufua tu!"

Kwa kufua tu! Mimi ninayenunua mpaka uzi wa kushonea ovaroli likipasuka?

Usiku ule ule nilimwaga droo kitandani. Risiti za tesita, za tepu, za klampu mita niliyonunua kwa kujibana miezi miwili, za buti. Za buti nilikuwa na moja tu, kwa sababu jozi nyingine mbili nilinunua mtumba Ngamiani, na muuza mtumba ukimwomba risiti anakutazama kama umemtukana. Jumla ilifika shilingi 412,000. Nikazipanga kwa tarehe kwenye bahasha ya kaki na kumwambia mama watoto aanze kuchagua jiko la gesi la pleti mbili. Kazini nako nikatangaza, maana mdomo wangu nao haujui kutunza siri. Jumatatu nikapanda baiskeli kutoka Makorora, shati limenyooshwa, bahasha kifuani.

Dirishani alikuwepo binti mmoja mstaarabu sana. "Shikamoo, mjomba." Hapo tu nikajua nimezeeka. Akazisikiliza hadithi zangu zote za Leicester hadi mwisho, kisha akauliza: "Hizi gharama mwajiri wako amekurudishia?" Nikasema hata senti. Akasema, "Basi mjomba, sisi huku hatuna dirisha la hilo."

Akanifafanulia pole pole. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mfanyabiashara ndiye anayetoa gharama zake kwanza, kisha akatozwa kodi kwenye faida. Mwajiriwa hatoi gharama ya buti wala bisibisi. Kinachoondolewa kwenye mshahara wake kabla ya kukokotoa PAYE, yaani kodi ya mshahara, ni mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, basi. Risiti zangu zilikuwa halali, zote za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, lakini pale hazikuwa na kazi. Nyuma yangu foleni ilikuwa imesikia kila neno. Mzee mmoja akanipa pole kwa sauti ambayo hata wa nje waliisikia.

Nilikuwa naondoka aliponiita. "Una salari slipu?" Ninayo. Akaweka kidole kwenye mstari wa posho ya vifaa, 40,000 kila mwezi. "Hii wanakulipa ununulie vifaa?" Ndiyo. "Ukinunua unawapelekea risiti?" Hapana, naipata tu. "Ndiyo maana tunaikata."

Hapa nawaomba msome taratibu, maana hapa ndipo pesa yenu ilipo. Kodi ya mshahara huanza pale kiasi kinachotozwa kinapovuka 270,000 kwa mwezi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8. Kati ya 520,000 na 760,000 ni asilimia 20. Mimi baada ya NSSF nilikuwa tayari ndani ya fungu hilo la 20, kwa hiyo posho yangu ya 40,000 ilikuwa inakaa juu kabisa na kuliwa 8,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 96,000. Nilikuwa nalipa kodi juu ya bisibisi za kiwanda cha mtu!

Ila sheria hiyo hiyo inasema malipo ambayo ni marejesho matupu ya pesa uliyotumia kwa ajili ya kazi tu, hayahesabiwi kuwa mapato yako. Fedha ile ile, mwajiri yule yule. Ikija kama posho ya mkupuo, inakatwa. Ikija kwa risiti, unanunua, unawasilisha, unarudishiwa kiasi kile kile, haikatwi. Miaka yote nilikuwa namlaumu mtoza kodi, kumbe tatizo ni jinsi malipo yetu yalivyoandikwa na mhasibu ambaye hakutaka kusumbuka na karatasi. Kiwanda sikitaji, bado nala kwao.

Ilinichukua miezi saba kuwashawishi, na vikao vyake siwasimulii. Nilikwenda na barua, si maneno. Nikaomba posho ifutwe na badala yake kuwe na fomu ya marejesho. Mwanzoni wenzangu walininunia, kwa sababu 40,000 ya mkononi ni tamu hata ikiwa imemegwa. Wawili mpaka leo hawanisalimii vizuri. Haidhuru.

Sasa niwaambie mafundi wenzangu, na walinzi, na mama zangu wa usafi hospitalini. Dai risiti. Hata ya tepu ya elfu mbili, dai risiti, na ipige picha siku hiyo hiyo, maana wino wa EFD hufutika ukiiacha juani. Na msichanganye mambo mawili kama nilivyochanganya mimi. Vifaa vya kujikinga, yaani glavu, miwani, buti na ovaroli za kazi ya hatari, hata marejesho yake si hoja. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ndiye avitoe. Zile jozi zangu mbili za mtumba sikupaswa kuzinunua kabisa, na mtu anayejinunulia buti za kazini huku akijiita mvumilivu anamsaidia tajiri kuokoa hela yake. Najua inauma kusikia. Mimi nilikuwa mvumilivu hivyo miaka 13.

Na kifaa cha kazi kikipotea wasikukate mshahara kienyeji. Kijana mmoja wetu drili iliibwa stoo, akakuta nusu ya mshahara haipo. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka kwanza ithibitike ni kosa lako, uandikiwe sababu na hesabu, upewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira wako. Ukiona yamezidi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, lakini una siku 60. Yeye alikaa kimya miezi mitano akisubiri busara ya watu. Risiti, barua, tarehe: ndugu zangu, acheni kutegemea busara ya watu.

Mmoja wenu aliniuliza kama anayepiga vibarua vyake pembeni anaweza kupunguza kodi kwa spana zake. Ukiwa na mahesabu kamili, ndiyo. Ukiwa kwenye kodi ya makadirio, unakadiriwa kwa mauzo na si faida, hivyo spana haikupunguzii kitu.

Zile 412,000 za zamani walikataa. Fomu imeanza mwezi uliopita, wakasema hairudi nyuma. Bahasha bado ipo juu ya kabati, na jiko tunalopikia ni lile lile la mkaa. Lakini jana mtu wa stoo alinipigia kuuliza navaa buti namba ngapi. Nikamwambia 43, na nikamwomba anitumie kwa maandishi.