Farasi wa mbio anaogopa ndoo!

SWALI: Habari zenu, nina farasi wa miaka saba alikua anakimbia mbio pale Ngong, amestaafu nikamchukua nimfundishe dresaji (mchezo wa farasi kufuata hatua za ustadi akiongozwa na mpandaji) huku Karen. Shida ni ndoo ya buluu iko kwa kona, akiiona tu anaruka kando, nikivuta hatamu ndo anachomoka kabisa! Nifanyeje?

JIBU: Pole dada. Hapo kwa hatamu ndo kuna kazi, manake farasi wa mbio amezoea kuegemea lijamu (kile chuma cha mdomoni) akikimbia, wewe ukivuta yeye anasikia ongeza mwendo. Legeza kidogo, mgeuze aingie duara la mita 20 mbali na hiyo ndoo, kichwa kielekee ndani asiikodolee macho, na kila raundi usogee kadogo tu. Akishusha shingo na kupiga pumzi ya puani mpapase, ameanza kulegea. Alafu rudia upande wa pili, ndoo aliyoizoea kushoto, akiikuta kulia anaweza kuruka tena (wangu alinitupa hivyohivyo, sababu ya toroli!). Na nafaka punguza, huyo hashindani tena, mpe nyasi kavu zaidi.